Na yule aliye nje? Kisa cha barua moja ya darasani

Kipindi cha kwanza, somo la maarifa ya jamii. Ubaoni kumeandikwa HAKI YA ELIMU, na chini yake: Kifungu cha 26, yaani cha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Wanafunzi wananakili. Mwalimu yuko katikati ya sentensi kuhusu watoto wa nchi zenye vita, wale ambao shule zao zimebomolewa, mara binti wa safu ya pili ananyoosha mkono. Hasubiri kuitwa. Anaelekeza kidole dirishani na kusema, "Mwalimu, na yule?"

Nje alikuwa amesimama mvulana wa darasa hilohilo, begi mgongoni. Alikuwa amechelewa. Kanuni ya shule ilisema anayefika baada ya kengele haingii darasani mpaka kipindi cha kwanza kiishe. Wenzake wote waligeuka kumtazama, na ndipo nami nilipoona alichokuwa akifanya: daftari kalibana ukutani kwa kiganja, kalamu mkononi, ananakili ubao kupitia dirisha. Alikuwa amefika kwenye neno "kifungu".

"Swali zuri," mwalimu alijibu. "Tutalirudia." Akageukia ubao.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa kwa mwaliko wa mwalimu mwenyewe. Kazi yangu ni kukaa na walimu wa somo hili, kutazama wanavyofundisha, kisha kuzungumza nao. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake na kwa ruhusa ya mvulana. Mvulana alinipa sharti moja, kwamba nisiandike sababu iliyokuwa ikimchelewesha. Sitaiandika. Msomaji akijikuta anaitafuta kadiri anavyosoma, ajue kwamba hata mimi niliitafuta, na kwamba kule kutafuta kwetu kumo ndani ya kisa.

Mada ilivyokuwa ikifundishwa

Isije ikadhaniwa kwamba mwalimu huyu alikuwa mvivu. Mada ya haki za binadamu na uraia wa dunia aliipangia wiki nne, na vipindi vya mwanzo vilikuwa vya kupigiwa mfano.

Katika kipindi cha kwanza cha mada aliwapeleka Paris, tarehe 10 Desemba 1948, usiku ambao Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Aliandika kura ubaoni: 48 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, nchi 8 zilijizuia kupiga kura. Mwanafunzi mmoja alijumlisha haraka akauliza kama wakati huo dunia ilikuwa na nchi 56 tu. Umoja wa Mataifa ulikuwa na wanachama 58, mwalimu akamjibu, na wawili hawakupiga kura kabisa. Leo wanachama ni 193. Swali lililofuata lilikuwa kali zaidi: hao wengine walikuwa wapi? Sehemu kubwa ya Afrika na Asia ilikuwa chini ya wakoloni. Na miongoni mwa waliojizuia ilikuwamo Afrika Kusini, ambayo mwaka huohuo ilikuwa imepata serikali iliyoingia madarakani kwa sera ya ubaguzi wa rangi.

"Sasa kama nusu ya watu hawakuwapo, azimio la ulimwengu kivipi?"

Walimu wengi hulikwepa swali hili, au hulijibu kwa kusifu waraka. Yeye aliwaambia jambo ambalo lilinifanya niache kuandika na kusikiliza. Angalieni, alisema, nani aliuokota waraka huo baadaye. Walikuwa ni hao hao ambao hawakuwapo. Wapigania uhuru waliuchukua maneno kwa maneno wakawauliza watawala wao: mlisema watu wote, je, sisi si watu? Na mwaka 1993, huko Vienna, wajumbe wa nchi 171 walikaa tena wakakubaliana kwa kauli moja kwamba haki hizo ni za watu wote. Waraka uliandikwa na wachache, alisema, lakini uliendelea kudaiwa na wengi, na kudai ndiko kulikoufanya uwe wa ulimwengu.

Kipindi cha pili kilihusu sentensi moja tu, ya Kifungu cha 1. Alisimulia habari za Hansa Mehta, mjumbe wa India katika Kamisheni ya Haki za Binadamu. Rasimu ya Kiingereza ilikuwa inaanza kwa neno lenye maana mbili, wanadamu na wanaume, na Mehta alishikilia libadilishwe, kwa hoja kwamba ziko nchi ambazo watawala wangelisoma kwa maana ya pili. Likabadilishwa. Halafu mwalimu akaandika ubaoni tafsiri ya Kiswahili: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa. Wote wamejaliwa akili na dhamiri, hivyo yapasa watendeane kindugu." Akawauliza Mehta angelalamikia neno gani hapo. Darasa likahangaika. Mtu ni mwanamke au mwanamume? Wote. Na ndugu? Wote pia. Ule ugomvi wa Kiingereza kwetu hauna pa kukaa, maana lugha ilishaumaliza kabla ya wajumbe kukutana. Binti wa safu ya pili ndiye aliyeuliza kama basi kwa Kiswahili hakuna ubaguzi wa kijinsia, na kicheko kilichofuata kilitosha kuwa jibu.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu maelezo ya kisa cha namna hii mara nyingi huanza kwa kumlaumu mwalimu kwamba alifundisha kwa kukaririsha. Hakukaririsha. Kilichoharibika kilianzia kwingine, katika kipindi cha tatu, ambacho wakati ule nilikiona kizuri.

Kipindi hicho kilikuwa cha picha. Kitabu cha somo kina kurasa mbili za picha za watoto: kambi ya wakimbizi, darasa lisilo na paa, mtoto amebeba ndoo. Kazi ilikuwa kuchagua picha moja na kuandika sentensi tano kuihusu. Nilipita kati ya madawati nikisoma. Sentensi karibu zote zilianza na "Namwonea huruma". Pembeni mwa daftari langu niliandika kwamba hakuna mtoto hata mmoja katika picha hizo aliyetajwa jina au aliyesema neno. Niliandika kama mtu anavyoandika kuhusu hali ya hewa, nikafunga daftari.

Barua

Siku mbili baada ya tukio la dirishani, barua ilifika. Iliandikwa kwenye karatasi ya vyumba iliyochanwa katika daftari la hisabati, na wanafunzi kumi na mmoja waliitia sahihi. Ilianza hivi: "Sisi tuliotia sahihi hapa chini tunapinga mwenzetu kufungiwa nje. Kifungu cha 26 kinasema kila mtu ana haki ya elimu. Shule inavunja sheria ya dunia. Kanuni isipofutwa tutawaandikia Umoja wa Mataifa." Kisha jina la mvulana kwa herufi kubwa. Kisha mistari mitano ya kueleza kwa nini anachelewa, pamoja na mambo ya nyumbani kwao.

Haikuanzia kwa mwalimu. Kiranja aliipeleka moja kwa moja ofisini, na mwalimu aliiona mara ya kwanza ikiwa mkononi mwa mkuu wa shule.

"Mwalimu," mkuu alimwambia, "hawa umewafundisha haki au umewafundisha kugoma?"

Mkuu huyu si mtu mbaya, na kisa kinapoteza maana akichorwa hivyo. Kanuni aliikuta na akaiendeleza kwa sababu mbili zinazoeleweka. Ya kwanza ni kwamba watu wakiingia mmoja mmoja kwa dakika ishirini, kipindi kinakufa. Ya pili ni kwamba mwaka ambao kanuni ililegezwa, waliochelewa waliongezeka. Kilichomkera hasa, alivyoniambia baadaye, ni lile tishio la Umoja wa Mataifa. Aliona kama watoto wamepita juu ya kichwa chake.

Mwalimu alikuwa na njia rahisi tatu mbele yake: kuwakana wanafunzi, kuwaadhibu, au kuwashangilia na kumwachia mkuu mzigo. Hakuichukua hata moja. "Nipe wiki moja, mkuu," alisema. "Barua hii ina makosa, na makosa ni kazi yangu."

Kusahihisha barua

Alirudi darasani na barua, jina la mvulana na ile mistari mitano akiwa ameifunika kwa karatasi. Nilidhani atazungumzia adabu. Alizungumzia sheria.

Kosa la kwanza lilikuwa maneno "sheria ya dunia". Azimio la 1948 ni tamko; lina uzito mkubwa, limenakiliwa katika katiba nyingi, lakini lenyewe si mkataba ambao nchi huutia sahihi na kufungwa nao. Mikataba ilikuja baadaye, ikiwamo ile miwili mikubwa ya mwaka 1966. Kwa mtoto wa shule mkataba wa karibu zaidi ni wa Haki za Mtoto, uliopitishwa tarehe 20 Novemba 1989 na kuanza kutumika Septemba 1990. Nchi 196 zimejifunga nao. Katika Umoja wa Mataifa ni Marekani peke yake ambayo haijauridhia. Mwalimu aliwapa Kifungu cha 28 wakisome kwa makundi. Dakika kumi zikapita, kundi la nyuma likapiga kelele. Walikuwa wameipata aya ya pili, inayozitaka nchi zihakikishe nidhamu ya shule inasimamiwa kwa namna inayoendana na utu wa mtoto. Hoja yenye nguvu kuliko ile waliyoiandika ilikuwepo, ila hawakuwa wamefika huko. Waliishia kwenye kichwa cha habari kilichokuwa ubaoni.

Kosa la pili lilikuwa tishio. Hapa mwalimu aliwashangaza. Aliwaambia kwamba kweli mtoto anaweza kulalamika huko. Itifaki ya tatu ya mkataba huo, iliyopitishwa mwaka 2011 na kuanza kutumika Aprili 2014, inamruhusu mtoto kupeleka malalamiko kwenye Kamati ya Haki za Mtoto iliyoko Geneva, yenye wataalamu 18. Macho yakawatoka. Lakini kuna masharti: nchi yako iwe imeiridhia itifaki hiyo, na uwe umemaliza njia zote za kudai haki ndani ya nchi. Akachora ngazi ubaoni. Darasa, mwalimu wa darasa, mkuu, bodi ya shule, mamlaka ya elimu, mahakama, kisha Geneva juu kabisa. Akawauliza wao wameanzia ngazi ya ngapi. Mmoja akasema, "Tumeruka." Darasa likacheka, na hata mimi nilicheka, ingawa nilikumbuka kwamba ngazi ya kwanza kabisa walikuwa wameikanyaga siku ile ya dirishani, mkono ukiwa juu, wakaambiwa swali zuri.

Kosa la tatu halikusahihishwa, lilijadiliwa. Je, kumweka mtu nje kwa kipindi kimoja ni kumnyima elimu? Wengine walisema ni adhabu tu. Mmoja alihesabu kwamba mara mbili kwa wiki kipindi cha kwanza huwa ni maarifa ya jamii, kwa hiyo anayechelewa kila siku hapotezi muda tu. Anapoteza nusu ya somo moja. Ndipo binti mmoja ambaye hakuitia sahihi barua, na ambaye kwa kawaida hufika kabla ya mlango kufunguliwa, akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi ninayewahi? Mlango ukifunguliwa kila dakika, haki yangu ya kusoma iko wapi?"

Kwangu huo ndio uliokuwa mchango bora wa wiki nzima. Azimio lenyewe lina jibu la swali lake katika Kifungu cha 29, kwamba mtu ana wajibu kwa jamii yake na kwamba haki zinaweza kuwekewa mipaka ya kisheria ili haki za wengine ziheshimiwe. Mwalimu alikisoma, kisha akauacha mjadala uendelee. Kuna walimu wanaoogopa kifungu hicho wakidhani kinadhoofisha vingine. Mimi nadhani mwanafunzi ambaye hajawahi kuona haki mbili zikigongana bado hajaanza kujifunza haki.

"Hakuna aliyeniuliza"

Mvulana alikuwamo darasani. Siku hiyo aliwahi. Kwa dakika thelathini alikaa ameinamisha kichwa huku wenzake wakimjadili bila kumtaja, jambo ambalo kila mmoja alijua linamhusu nani. Kuelekea mwisho mwalimu aliuliza kama kuna mwenye la kuongeza. Alisimama.

"Hakuna aliyeniuliza," alisema. "Barua ina jina langu na mambo ya kwetu. Mkuu ameyasoma. Kiranja ameyasoma. Mimi barua nimeiona leo, tena imefunikwa."

Akakaa. Binti wa safu ya pili, ambaye mwandiko wa barua ulikuwa wake, aliangalia meza. Kengele ikalia na hakuna aliyeinuka.

Kwa siku kadhaa nilikuwa nimeshughulika na mgongano wa wazi, wa wanafunzi na mkuu, nikidhani ndicho kisa. Sentensi hiyo moja ilikihamisha. Wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wametetea haki ya mwenzao kwa moyo mweupe, na katika kuitetea wakamvunjia haki nyingine mbili. Ukitaka namba, ni Kifungu cha 12 mara mbili: cha Azimio, kinacholinda faragha ya mtu, familia yake na heshima yake, na cha Mkataba wa Haki za Mtoto, kinachompa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu na maoni hayo yapewe uzito. Mwalimu aliigundua sadfa hiyo ya namba usiku huo akiandaa somo, na keshoye aliitumia. Vifungu viwili aliviandika kimoja kando ya kingine, akawaacha wavisome kimya. Hakutoa hotuba.

Watoto hawa walijifunza wapi kumtetea mtu bila kumuuliza? Kwetu. Kipindi cha tatu kiliwafundisha hivyo. Tuliwapa watoto wa kambini wasio na majina wala sauti, tukawaambia waandike wanavyojisikia juu yao, tukawapa alama. Walipokutana na mtu aliye nje ya dirisha walifanya kilekile: walimtazama, wakamwonea huruma, wakaandika. Alikuwa amegeuka picha ya ukurasa wa hamsini na tatu. Tofauti ni kwamba huyu aliweza kusimama na kusema.

Tunapofundisha uraia wa dunia kwa njia ya huruma pekee, mtoto anajizoeza kuwa mtoaji na kuwaona wengine kuwa wapokeaji. Anayejiita raia mwenzako hawezi kukuzungumzia nyuma ya kisogo chako na kudhani amekufanyia hisani. Raia mwenzako unamuuliza. Neno lenyewe, uraia wa dunia, halina pasipoti wala ofisi, na Kifungu cha 15 cha Azimio la 1948 kinapozungumzia haki ya kuwa na uraia kinamaanisha uraia wa nchi. Kwa hiyo uraia huu wa dunia ukikosa hata ule usawa wa kuulizwa, sioni unabakiwa na nini.

Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Elimu na Mafunzo ya Haki za Binadamu, la Desemba 2011, linaitazama elimu hii kwa pande tatu: elimu kuhusu haki, yaani kuzijua, elimu kwa njia ya haki, yaani kufundisha na kujifunza kwa namna inayoheshimu haki za anayefundisha na anayefundishwa, na elimu kwa ajili ya haki, yaani kumwezesha mtu kuzitumia na kuziheshimu za wenzake. Darasa hili lilikuwa limeshiba upande wa kwanza. Barua iliruka hadi wa tatu. Ule wa katikati ulikuwa tupu, na utupu wake ulionekana pale mlangoni tangu asubuhi ile.

Zile sekunde tatu

Nilimuuliza mwalimu kuhusu "tutalirudia". Hakujitetea. Alisema alijua wakati uleule kwamba halitarudiwa, na kwamba ni neno alilolitumia miaka mingi kama mtu anavyofunga mlango taratibu ili usipige kelele.

Angefanya nini? Kumfungulia mvulana palepale kungekuwa kuvunja kanuni ya shule mbele ya wanafunzi na, vibaya zaidi, kumtembeza kijana katikati ya darasa zima linalomtazama akiwa mfano hai wa somo. Nilimshauri kwamba angeweza kusema: swali hilo linanigusa na mimi pia, sina jibu sasa, nitazungumza na mkuu na Alhamisi nitawaambia nilichojibiwa. Siku ikitajwa, swali halifi, na wanafunzi wanaona mtu mzima akiianza ngazi kutoka chini. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa. Lakini wewe ulikuwa umekaa." Sikuwa na la kujibu.

Kuna pendekezo jingine lililotolewa chumba cha walimu, nalitaja kwa sababu linapendwa mahali pengi. Mwenzake alimshauri afanye mchezo wa kuigiza: nusu ya darasa ifungiwe nje wiki nzima ili wote waonje. Alitoa mfano wa Jane Elliott, mwalimu wa Riceville, Iowa, Marekani, ambaye Aprili 1968, siku iliyofuata mauaji ya Martin Luther King, aliwagawa wanafunzi wake wa darasa la tatu kwa rangi ya macho na kuwapendelea wa rangi moja. Ni kweli walijifunza. Ni kweli pia kwamba siku ileile walianza kutendeana ukatili, na mpaka leo watu wanabishana kama ni halali kuwatia watoto wa umri huo katika jaribio ambalo hawakuliridhia. Mwalimu wetu alikataa kwa sentensi moja: "Mlango tayari upo, hatuna haja ya kuigiza."

Barua ya pili

Barua ya pili iliandikwa na darasa zima kwa vipindi viwili. Haikuwa na jina la mtu wala sababu ya mtu. Haikutaja Umoja wa Mataifa. Ilianza kwa kukiri kwamba kuchelewa kunawasumbua wanaowahi, sentensi iliyopendekezwa na yule binti wa sauti ya chini, kisha ikanukuu Kifungu cha 28 na kuomba mambo matatu: waliochelewa waingie, kwa utaratibu usiovuruga kipindi, anayechelewa mara kwa mara aulizwe faraghani na mwalimu mmoja, si mbele ya wenzake, na wanafunzi wawe na mjumbe pale kanuni za shule zinapotungwa au kubadilishwa.

Mvulana hakutia sahihi. Safari hii hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Mkuu alijibu kwa maandishi, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Kwa muhula mmoja wa majaribio, waliochelewa wangesubiri dakika kumi kisha waingie wote kwa pamoja kwa mlango wa nyuma, wakae dawati la mwisho na kuandika majina yao katika daftari la kuchelewa. Ombi la pili alilikubali kama lilivyo. La tatu hakuligusa kabisa. Mwalimu alifurahi, na alikuwa na kila sababu, ila mimi lile lisilojibiwa ndilo ninalolifikiria zaidi. Mawili ya kwanza yalibadili kanuni moja. La tatu lingebadili namna kanuni zinavyopatikana, na nadhani mkuu aliliona hilo kabla yetu.

Kwamba waliochelewa walipungua au waliongezeka katika muhula huo sitasema, kwa sababu sikutaka kisa kiishie kwenye hesabu hiyo. Kama wangeongezeka, je, utu wa waliokuwa nje ungepungua? Mkuu ana haki ya kuhesabu, na anahesabu.

Mtihani wa mwisho wa muhula ulikuwa na swali moja la mada hii: "Taja haki tano za binadamu." Alama tano. Lengo la 4.7 la Maendeleo Endelevu la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa mwaka 2015, linataka kufikia 2030 kila mwanafunzi awe amepata maarifa na stadi zinazohitajika, zikiwamo za haki za binadamu na uraia wa dunia, na UNESCO, shirika la elimu la Umoja huo, husisitiza kwamba ujifunzaji huu ni wa akili, wa moyo na wa matendo. Swali lilipima theluthi moja, nusunusu. Binti wa safu ya pili alipata tano. Mvulana alipata nne, alisahau moja.

Mwaka uliofuata mwalimu aliandaa tena mada ileile kwa darasa jipya. Kipindi cha picha alikibadili: kila picha sasa inaambatana na karatasi tupu yenye kichwa "Ningependa kumuuliza", na sentensi za "namwonea huruma" hazipati alama. Alitaka pia kutumia barua ya kwanza, ile ya karatasi ya vyumba, kwa sababu hajawahi kupata zana bora kuliko hiyo, makosa yake na sahihi zake kumi na moja. Lakini ina jina, na ina ile mistari mitano. Angeweza kuyafunika tena. Alikwenda darasa la juu akamtafuta mvulana wakati wa mapumziko, akamweleza anachotaka na jinsi atakavyoifunika, akamwambia anaweza kukataa.

Mvulana alisema atafikiri. Ilikuwa wiki ya pili ya muhula. Naandika haya muhula ukiwa unaisha, bado anafikiri, na barua iko kabatini.